Yakuti Kwenye Kisanduku cha Vidonge

Mwanamke alifungua kisanduku cha vidonge, kile chenye vijumba saba vya siku za wiki, na badala ya dawa akamimina mezani mawe mekundu tisa.

"Nataka kujua kama ni yakuti kweli," alisema. "Na nataka uniandikie, kwa mhuri."

Mthamini wa vito, ambaye mtaa mzima ulimwita Jicho, alisogeza taa, akaweka lenzi jichoni, akashika jiwe la kwanza kwa kibanio. Kazi hii alikuwa ameifanya miaka thelathini, na alipenda kusema kuwa mteja anaweza kudanganya, jiwe haliwezi.

Chupa iliyochongwa huwa na viputo ndani. Jiwe la kiwandani lina mistari iliyopinda. Haya yalikuwa na nyuzinyuzi nyembamba kama za hariri, zilizokatana, na alipoyamulika kwa taa ya zambarau yaliwaka kama makaa. Yote tisa yalitoka ardhini.

Kilichomtia wasiwasi ni kingo zake. Zilikuwa zimemeguka, na chembe za dhahabu ya zamani zimeng'ang'ania. Mawe haya yameng'olewa kwenye mkufu, tena juzijuzi, tena kwa chuma cha hovyo.

"Ni ya nani?"

"Ya mama mmoja, mtu mzima. Miguu imemshinda. Mimi ndiye ninayemuuguza."

"Na nani aliyang'oa?"

"Mwenyewe. Kwa mkasi wa kucha."

Jicho nusura acheke. Mtu afumue mkufu wake mwenyewe kwa mkasi wa kucha! Hata uongo una adabu yake.

Mwanamke alichungulia barabarani kupitia kioo cha mlango, akarudisha macho, akachungulia tena. "Baba, fanya hima. Wakili anafunga ofisi saa kumi. Uandike tarehe ya leo, na uandike wazi kwamba si chupa. Kuna mtu anawaambia watu ni chupa, na kwamba mama akili zimemruka."

Karatasi, mhuri, wakili. Wezi wa siku hizi wamesoma, Jicho aliwaza, akashika jiwe la saba.

Mkono ukasimama hewani.

Ndani ya jiwe lile mlikuwa na ufa mdogo uliojikunja kama ndoano. Aliwahi kuuona. Mthamini husahau sura za watu, lakini ufa ndani ya jiwe hausahau.

"Nafuata mhuri," alisema, akaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango.

Daftari la zamani lilikuwa rafu ya juu. Alilipekua ukurasa kwa ukurasa. Naam: mkufu wa yakuti tisa, mchoro wa ufa kwa kalamu yake mwenyewe, na jina la mwenye mali, Mwalimu Mkuu mstaafu aliyewafundisha nusu ya watu wa mji. Chini yake, namba ya simu ya nyumbani.

Mwaka juzi Jicho alinunua pete ya wizi bila kujua, akalala mahabusu siku nne. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akapiga.

Alipokea mwanamume, sauti yake ya upole. Alikuwa mwana wa pekee wa Mwalimu. Alisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi.

"Mungu akubariki, mzee wangu. Mama huyu hapa kando yangu, analia tu, tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Huyo mwanamke ametuibia. Yuko peke yake?"

"Peke yake."

"Mcheleweshe. Nakuja na polisi. Usimwambie neno."

Jicho alirudi dukani, akapita mlangoni kana kwamba ananyoosha pazia, akazungusha ufunguo na kuutia mfukoni. Kisha akaanza kupima uzito. Kila jiwe alilipima mara mbili, akaandika, akafuta, akaandika tena. Akaulizia afya ya mgonjwa. Akalalamikia macho yake. Mwanamke alijibu kwa mkato, jasho likimtoka juu ya mdomo, na kila gari lililopita lilimfanya ageuke.

Robo saa ilipita. Nje, gari lilifunga breki kwa nguvu.

Jicho aliweka kibanio chini. Moyo ulikuwa mwepesi. Safari hii hakuna atakayemwita mpokea mali ya wizi.

"Binti, keti," alisema. "Mwenye mali amefika."

"Mwenye mali gani?"

"Mwanawe. Nimempigia mimi. Na mama yake yuko nyumbani analia, hajala tangu asubuhi. Huna hata huruma? Mtu mzima kama yule!"

Alitarajia mwanamke aangue kilio, au arukie mlango. Hakufanya hata moja. Alisimama tu, amemkodolea macho, na alipoongea sauti haikufika mbali.

"Baba, Mwalimu nimekuja naye. Tumetoroka naye leo asubuhi. Nimemwacha kwenye teksi hapo nje, kwa sababu ngazi zako hawezi kuzipanda."

Hapo ndipo alipourukia mlango, akaukuta umefungwa, akaanza kuutikisa kwa mikono yote miwili.

Jicho alitazama juu ya bega lake. Ng'ambo ya barabara hapakuwa na polisi. Dereva wa teksi alikuwa amesimama kando, akitikisa kichwa kwa huruma kama mtu aliyeelezwa habari za ugonjwa wa akili, na mwanamume mwenye shati jeupe alikuwa ameinama kwenye mlango wa nyuma, akibandua mkono wa kizee kutoka kwenye ukingo wa dirisha, polepole, kidole kimoja kimoja.