Profesa Gustave na Namba Isiyoonekana

Lile shamba lilikuwa na ukubwa wa moins un, moja chini ya sifuri, na Papa Lusenge alitaka kujua mwizi wake ni nani.

"Hapana mwizi, Papa," Gustave alisema huku akifuta miwani. "Ni mufano tu. Shamba ya mraba, ukubwa yake moins un. Upande moja iko na mita ngapi?"

"Mukwe, mimi nauzishaka misumari. Musumari iko, ao hapana iko. Sijaona musumari ya katikati."

Gustave alikuwa mwalimu wa hesabu, ametumwa na Serikali kutoka Kinshasa hadi Butembo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, basi tulipona. Kabla yake tulikuwa tunahesabia vidole, maskini ya Mungu. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda kula kwa baba mkwe wake, mtaani Kimemi, na kila Jumapili aliwabebea zile namba zake za mawazo, imaginaires, kama vile mwingine angebeba mkate.

Alisimama katikati ya sebule, maana hakuna mwalimu anayeweza kueleza kitu akiwa amekaa.

"Mutu anaangalia Beni. Unamuambia: geuka! Sasa anaangalia Lubero, nyuma yake. Ile njo moins un. Lakini ukimuambia ageuke nusu tu ya ile, haangalie Beni, haangalie Lubero. Akigeuka nusu ingine, njo anafika. Ile nusu njo namba yetu. Tunaiita i."

"Na pale kwa nusu, anaangalia nini?"

Gustave alinyoosha mkono kuonyesha upande.

"Ukuta yangu," Papa Lusenge alijijibu mwenyewe. "Kinshasa imetuma mutu safari yote ile, aje aangalie ukuta yangu."

Nyumba nzima ilicheka, isipokuwa Nadège. Huyo ndiye binti wa mzee na mke wa Gustave, na mimba yake ilikuwa imefika miezi ya mwisho.

"Na ukiiruka?" aliuliza. "Ile namba. Kama hapana mutu anaiona, ukiiacha tu njiani, hesabu haitoke?"

"Jamais!" Gustave alisema, na uso ukamng'aa. "Unaibeba, mustari kwa mustari, mpaka mwisho. Ukiiruka, jibu yako ni ya bongo, ya uongo."

Nadège aliitikia kwa kichwa polepole, akaenda jikoni kupakua sombe ya majani ya mihogo. Gustave alimfuata kwa macho, moyo umejaa furaha. Miaka yote ya chaki, na mwanafunzi wa kwanza kumwelewa alikuwa amekwisha kumuoa!

"Hapa kwetu tunahesabu chenye kinaonekana," Papa Lusenge alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akielekeza maneno jikoni.

Sasa, Gustave alitaka kitu kimoja tu duniani: ahesabiwe kuwa mtu wa hapa. Alichoka kuitwa "ule wa Kinshasa" hata na wauza ndizi. Na mtoto ndiye angemtoa katika aibu hiyo, kwa sababu sisi Wanande hatutafuti jina la mtoto, anakuja nalo. Mvulana wa kwanza wa mama ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea hivyo. Gustave alikwisha kuyashika yote kwa kichwa, akawa anawasahihisha hata wazee. Mtoto hajazaliwa, yeye amekwisha kumpa fundi kitambaa cha kumbebea mtoto, kishonwe jina Paluku kwa uzi mwekundu.

Jambo ambalo hakulishika ni maisha ya mke wake kabla yake. Aliambiwa Nadège alikaa Mbau kwenye mashamba ya kakao, vita vikamrudisha kwa baba yake. Iliishia hapo. Mtu mwenye kazi ya namba zisizoonekana atapata wapi nafasi ya kuuliza habari za kakao?

Mtoto alikuja mbio, na alikuwa mvulana.

"Huyu mama anajua njia," muuguzi alisema.

Gustave, kwa unyenyekevu wake tunaoujua, alimjibu kwamba ni yeye aliyemfundisha mke wake kupumua.

Toka siku hiyo ikawa Paluku huku, Paluku kule. Nadège alisema "bebe". Bebe analala, bebe ameshiba. Gustave alimweleza kwa utaratibu kwamba bebe si jina. Na ajabu gani hii, kwa mara ya kwanza Papa Lusenge alisimama upande wa mkwe wake.

"Nadège, umusikie bwana yako. Mutoto ni Paluku. Usituletee maneno."

Nadège aliendelea kumnyonyesha mtoto.

Siku ya ubatizo Gustave alialika walimu wenzake wote, majirani, na wale wauza ndizi. Alivaa koti na tai, jua linawaka. Leo mbele ya kanisa zima angelitamka jina lile kwa mdomo wake, na tungekoma kumwita wa Kinshasa.

Padri wetu, Abbé Apollinaire, alimwinamia mtoto, akauliza kama kanuni inavyotaka:

"Mutoto wenu mumemupa jina gani?"

Gustave alivuta pumzi ili alitamke sawasawa. Nadège alimtangulia.

"Kasereka."

Watu waliguna. Gustave alicheka kile kicheko cha mwalimu mbele ya jibu baya.

"Pardon, mon père. Muke wangu amechoka. Kasereka ni ya mutoto wa tatu."

Abbé alimgeukia Papa Lusenge. Mzee alikuwa anatazama sakafu.

"Huyu njo wa tatu, Gustave," Nadège alisema. "Paluku na Kambale niliwazika Mbau, siku moja."