Aliyeuangusha Ndiye Auokote

"Zima! Zima hilo lidude!" Orrin Skaar alifoka kitandani hospitalini, akafumba macho na kuziba masikio kwa viganja, mrija wa dripu ukicheza mkononi.

Lorna, bintiye, akazima televisheni. Zilikuwa zimebaki dakika mbili, timu yao ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushika mikononi, iko nyuma kwa alama nne, na wao ndio wenye mpira.

Mgeni angedhani mzee kaingiwa na wazimu. Watu wa Wisconsin wala wasingegeuza shingo. Huku kila nyumba ina mwiko wake wa Jumapili. Wapo ambao hawajafua jezi tangu Septemba, na wake zao wamevumilia tu. Mwiko wa Orrin ulikuwa huu: akitazama dakika mbili za mwisho, timu inafungwa. Basi maisha yake yote mwisho wa mechi ulimkuta zizini kwa ng'ombe, na Lorna ndiye aliyetumwa kumpelekea habari.

"Nenda kaniangalizie kwenye televisheni ya ukumbini," alisema. "Uje unieleze yote, usinifupishie."

"Baba, mimi na mpira wapi na wapi?"

"Ndiyo maana nakutuma wewe. Kaka yako angenitilia chumvi."

Kaka huyo, Dale, alikuwa Alaska kwenye kazi za mafuta. Kila siku alipiga simu kuuliza kama aje, na kila siku mzee alimjibu angoje Krismasi. Walikuwa wanasubiri majibu ya vipimo vya kinyama, uvimbe uliokatwa tumboni mwake. Orrin mwenyewe hakuwa na matumaini na lolote, si tumbo wala timu. Alikonda hadi pete ikawa inamvuka kidoleni, na manesi waliokuwa wakimtania siku za kwanza sasa waliingia na kutoka kimya kimya.

Lorna alisema kweli, mchezo ule haukumwingia kamwe, japo alizaliwa na mwamuzi. Orrin alichezesha ligi ndogo za Jumamosi, na kila Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga akiwa mezani, alishika kipande cha mkate na kuanza somo. "Dakika mbili za mwisho, aliyeuangusha mpira ndiye pekee katika timu yake wa kuuokota akasonga nao mbele. Mwenzake akiuokota, hasogei hata inchi. Filimbi!" Kisha kisa chenyewe: jinsi alivyoifutia ushindi timu ya shemeji yake, mikono yote miwili ikipishana mbele ya tumbo, ishara ya mwamuzi kwamba alama hazihesabiwi, hakuna kitu, na asubuhi yake akakuta mlango umezibwa kwa mavi ya ng'ombe hadi usawa wa kitasa. Meza nzima ilicheka mavi. Somo halikusikilizwa na mtu, Lorna akiwa wa kwanza, maana ndiye aliyekuwa akipakua viazi. Kilichobaki nyumbani ni ile ishara tu: ukiomba kipande cha tatu cha keki, mzee anapishanisha mikono. Hakuna kitu.

Mlangoni Lorna alipishana na daktari, yule mwanamke mrefu aliyempasua mzee. Daktari alimtazama Orrin aliyefumba macho, akamshika Lorna bega, wakatoka pamoja.

Mzee akabaki na giza lake. Theluji ilikuwa inaanguka nje na yeye hakuiona. Hakushangaa kwamba Lorna anachelewa. Dakika mbili za mchezo huu si dakika mbili za watu. Saa inakimbia, inasimama, inakimbia tena, na moyo wako nao hivyo hivyo. Akamwomba Mungu, kwa aibu kidogo, maana hakujua aanze na tumbo au aanze na timu.

Mkono ukamgusa. Akafumbua macho.

"Mbona macho mekundu hivyo?"

"Nimelia, baba. Habari njema mbili kwa mpigo, nisilie?" Lorna akacheka, akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Nimekutana na daktari. Kile kinyama hakina ubaya wowote. Wiki ijayo uko nyumbani na ng'ombe wako."

Orrin akashusha pumzi ndefu. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Kweli, Lorna?"

"Kweli, baba. Tena tumeshinda!"

"Wee!" Akajiinua kwa viwiko. "Hebu simulia. Taratibu."

"Ilikuwa roho mkononi. Sekunde nane zimebaki, saa inakimbia, haisimami! Kijana wetu kakaribia kabisa mstari wa goli, wakamgonga, mpira ukamponyoka."

"Ukamponyoka."

"Mimi nikasema basi, kwisha habari yetu. Mara yule mwenzake, lile bonge, akauokota, akawapita wote, akajitupa ndani ya mstari. Saa hiyo sifuri! Ukumbi mzima umeruka, baba, nesi mmoja kamwaga kahawa."

"Aliuokota yule bonge, si aliyeuangusha."

"Yeye mwenyewe! Akakimbia nao kama ndama."

Mzee akajilaza tena. Akamwondolea bintiye unywele uliomwangukia usoni, kama alivyofanya zamani Lorna alipomfuata zizini na habari.

"Umenisimulia vizuri, mwanangu," alisema. "Hongera."

Lorna akatabasamu, akamshika mkono. Mzee akauchomoa polepole. Akainua mikono yote miwili juu ya blanketi, dripu ikining'inia, akaipishanisha mbele ya tumbo lake.

"Mpigie Dale," alisema. "Mwambie asingoje Krismasi."