Kidole cha Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi alishika kidole changu kama anayeshika samaki aliyelala, akakiweka kwenye herufi A.

"Sema, bibi. Aaa."

Mpiga picha alipiga magoti. Boti yetu ya masomo iliteleza taratibu mferejini, na wanafunzi wenzangu, watu wazima wote, walitazama miguu yao. Ofisa wa elimu alikuwa ametuonya kabla mgeni hajapanda: "Jifanyeni hamjui hata herufi moja. Mgeni wetu, mwenye kiwanda cha ngozi, akifurahi, boti itabaki. Akinuna, mtasoma na vyura."

Kidole cha mgeni kilikuwa laini, kinanukia marashi, kidole ambacho hakijawahi kufua hata leso yake mwenyewe.

Kwenye boti hii hatuhangaiki tena na A. Mwalimu hutusomesha mabango ya kingo za mfereji, kadiri tunavyoyapita, na jioni hiyo zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeiombea wiki nzima.

"Usione haya, mama," mgeni alisema, akiitabasamia kamera. "Elimu haina mwisho."

"Bibi, usituangushe," ofisa alininong'oneza.

Nikamwomba Mungu anipe unyenyekevu. Hakunipa.

Nikachomoa kidole changu, nikasimama. Bango lililotujia lilikuwa juu ya bomba kubwa, nami nikalisoma kwa sauti ile ninayoitumia kusali: "Hatari. Maji ya kiwanda cha ngozi. Usinywe. Usioge."

Mpiga picha akaigeuza kamera kwenye bomba.