Shami Hajui Kutandika Mswala

Mswala ulikuwa umepinda tena.

Sebineza alisimama mlangoni, kofia ya kiwandani bado kichwani, akautazama pale sebuleni kama mtu aliyekuta gari lake limekwaruzwa. Jana ulipinda. Juzi ulipinda. Leo tena, mbele umeelekea kulia, kama unataka kutoroka.

"Shami! Hiki ni nini?"

"Nimetandika, Baba."

"Umetandika au umetupa?" Akausukuma kwa vidole vya mguu mpaka ukanyooka, ukatazamana na dirisha, kama anavyotandika wa kwake. "Miaka kumi na mbili, mswala unakushinda! Na hiyo simu sakafuni ya nini? Hata wakati wa swala?"

"But Baba, it's..."

"Kiswahili!"

Shami akatafuta maneno, akayakosa. Akaokota simu yake.

Sebineza hakuwa mkali hivyo zamani. Sasa alikuwa na hofu tu. Tangu watue Buffalo, Marekani, mwaka 2012, pale mtaa wa Riverside, nyumba yao ndiyo ilikuwa ya Waislamu peke yake mtaa mzima. Warundi wenzao wote Jumapili walikwenda kanisani. Shuleni piza ina nguruwe. Mtoto anaulizwa Kiswahili, anajibu Kiingereza. Kesho atajibu nini?

Kwa hiyo alishikilia kile alichoachiwa na baba yake kule kambini Nyarugusu, Tanzania: jua la asubuhi likupige shavu la kulia, la jioni likupige la kushoto, basi uso wako uko Maka. Jambo jepesi hilo, hata mtoto analiweza. Isipokuwa huyu wa kwake.

Ndipo akakata shauri. Shami aende Columbus, kwa shangazi yake Zaina, kule Northland, ambako madrasa ziko kibao.

"Watakunyoosha wewe na mswala wako," alimwambia.

Shami alilia siku mbili. Mama yake akamsaidia kulia. Sebineza hakutikisika.

Usafiri ukajileta wenyewe. Ustadhi Mossi, aliyemfundisha Sebineza dini kambini, sasa alikuwa anapakia maboksi kwenye ghala moja huko Okolona, Louisville. Alikuja Buffalo na mkewe kwenye harusi, na wakirudi wangepitia Columbus. Sebineza akawaalika pilau Jumapili. Begi la Shami likawekwa mlangoni, limefungwa zipu.

Watu wakala, wakashiba, wakacheka habari za kambini. Alasiri ikaingia.

"Shami, tandika," alisema Sebineza, akamkonyeza mgeni. "Ustadhi, usiniamini mimi. Jionee mwenyewe."

Yeye akatandika wa kwake, akaunyoosha kuelekea dirishani, jua likampiga shavu la kushoto vizuri kabisa. Nyuma yake Shami akaweka simu sakafuni, akaitazama kidogo, akatandika.

Ukapinda.

"Umeona?" Sebineza alirusha mikono. "Miaka mitatu, Ustadhi! Miaka mitatu naunyoosha!"

Ustadhi Mossi aliutazama mswala wa mtoto. Akautazama wa baba. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa simu yake, akachuchumaa huku magoti yakilia, akailaza sakafuni kando ya ile ya Shami. Akasubiri mpaka mishale ya kibla kwenye vioo vyote viwili ikaelekea upande mmoja. Akainuka polepole, akaenda kusimama juu ya mswala wa Shami.

"Sebineza," alisema, "huko dirishani unakotazama ni Kanada."

Mama Shami alijiziba mdomo kwa ushungi.

"Shami, mwanangu," Ustadhi akaendelea, "hebu toa nguo zako kwenye lile begi. Tia za baba yako."