Maji ya Kijani ya Nainokanoka

"Usinywe!"

Josephati, mtafiti wa maji, alipiga ukelele hadi chupa ya sampuli ikamponyoka mkononi. Alikuwa amechelewa. Ng'ambo ya lambo la Nainokanoka, mzee Senteu alikuwa amechutama ukingoni, kibuyu mdomoni, koo likipanda na kushuka. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja, akamtazama kwa upole.

Josephati alilizunguka lambo mbio, tope hadi magotini. Ukame wa mwaka ule wa themanini na nne ulikuwa umeyapunguza maji, na yaliyobaki yamevaa utando wa kijani. Wiki nzima alikuwa akipita boma kwa boma kuwaeleza watu: huu ni mwani wenye sumu, ndio ulioua ndama wenu, pelekeni mifugo kwenye chemchemi. Senteu ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote, ingawa mengi yalihusu gari. Linafika Karatu upesi? Linaweza kubeba mtu? Josephati alimjibu kama alivyoagizwa na mkuu wake: gari la utafiti hubeba sampuli, halibebi abiria.

"Mzee, umefanya nini? Si nilikuambia yana sumu?"

"Kiu, daktari." Senteu akashika tumbo. "Lo! Naona imeanza."

Josephati akasahau masharti yote, akamkokota mpaka kwenye Landrova. Mlangoni Senteu akagoma.

"Siendi kufia ugenini peke yangu. Twende tumchukue mke wangu."

Walimkuta Nasha amesimama nje ya nyumba, amejitanda mablanketi mawili kwa baridi ya kule juu. Alipanda nyuma taratibu, akijishika kiuno. Senteu akakaa kando yake.

Njia ilikuwa makorongo matupu. Josephati aliendesha huku akisali kwa Kiiraqw, lugha ya kwao. Akifa huyu, nani atamsikiliza tena mtu wa maji? Kila baada ya kona Senteu alinong'ona na mkewe kwa Kimaasai, kisha akatoa taarifa.

"Uchungu umezidi, daktari. Kaza mwendo."

Mara: "Polepole kwenye mashimo! Unataka kutuua?"

"Usisinzie, mzee! Zungumza nami!"

"Nizungumze nini?"

"Chochote!"

Basi Senteu akamsimulia habari za dume lake jeupe la ng'ombe, tangu lilipozaliwa, kwa sauti nzito isiyotetereka, mpaka wakaliona lango la kutokea hifadhini.

Karatu, mbele ya hospitali, Josephati aliruka chini akiita machela. Wauguzi wawili wakaja mbio. Akafungua mlango wa nyuma, akamshika Senteu kwapani ambebe.

Senteu akaiondoa mikono ile kwa adabu, akashuka mwenyewe.

"Yale maji sikuyagusa, daktari. Ulisema yana sumu, nami nakuamini. Kibuyuni mlikuwa na maziwa." Akasogea pembeni kuwapisha wauguzi wamfikie Nasha, mimba yake kubwa ikionekana sasa chini ya mablanketi. "Mwenye uchungu ni huyu."