Akili Iliyonolewa

Riwaya ilikuwa nene kuliko tofali, na asubuhi hiyo ilikuwa imelala kwenye trei ya chuma, katikati ya koleo na sindano, imefunguliwa karibu na mwisho. Daktari wa meno alikuwa ameiinamia kama mtu anayepima mapigo ya mgonjwa mahututi.

Mlango ukagongwa. Akaingia mwanamke wa makamo, mkoba kwapani.

"Daktari, samahani, kabla hujaanza nilitaka kukwambia kuhusu..."

"Sindano. Unaiogopa. Wote huiogopa." Bila kuinua macho, daktari akamwonyesha kiti. "Kaa hapo, mama. Fungua mdomo."

Mwanamke akasita, lakini ni wachache wenye ubavu wa kubishana na koti jeupe. Akakaa. Akafungua. Kufumba na kufumbua, ganzi ilikuwa imeshaingia kwenye ufizi.

Mapokezi walikuwa wamemwambia mapema: gego la chini, kushoto, la mwisho kabisa. Hilo alilikumbuka vizuri, akajipongeza kimoyomoyo. Miezi michache nyuma asingelikumbuka. Alikuwa amefikia hatua ya kumwita shemeji yake kwa jina la mbwa wa jirani, tena mbele ya wakwe. Shemeji huyo, mwalimu, ndiye aliyempa dawa: "Akili ni msuli, bwana. Soma riwaya ngumu uinoe." Akamtajia hii. Baadaye ikaja kujulikana kwamba shemeji mwenyewe aliishia sura ya pili, na tangu hapo daktari hakumpa nafasi ya kupumua kwa kumcheka.

Mkewe ndiye ambaye hakuvutiwa. Wiki hiyo daktari alikuwa amemsahau binti yao shuleni, mpaka mlinzi akapiga simu nyumbani.

"Wajukuu wote wa jemadari wa kitabuni unawajua kwa majina," mkewe alimwambia. "Mwanao huyu mmoja ndiye anayekushinda?"

"Husomi wewe. Huwezi kuelewa."

Sasa, huku ganzi ikikolea, alimsimulia mgonjwa kisa kizima. Jemadari alikuwa na wake wawili mapacha, na hakuna aliyejua yupi kati yao alimzaa mrithi.

"Aa-aa!" mwanamke alisema, pamba zimemjaa mdomoni, kidole kikielekea mlangoni.

"Kumbe unafuatilia! Ndiyo, hapo hapo mlangoni ndipo anapotokea pacha wa pili. Tulia sasa."

"Aa-aa! Aa-aa!" Machozi yakamlengalenga.

Daktari akaguswa. Mkewe hajawahi kumlilia pacha yule hata kwa kujifanya.

Akachungulia gego. Lilikuwa jeupe, zima, linang'aa. Daktari wa kawaida angesita. Lakini riwaya ilikuwa imemfunza kutoamini mambo ya juu juu. Humo ndani, kila kilichopendeza kilikuwa kimeoza chini.

"Ubaya umejificha kwenye mzizi," alinong'ona, akayapenda maneno yake mwenyewe. Akachukua koleo.

Gego likagoma. Akalitikisa, akalivuta, akaegemeza goti kwenye kiti, jasho likimtiririka mpaka kwenye barakoa. Mwanamke alimkamata mkono kwa mikono yake yote miwili, naye akamsifu kwa ujasiri. Hatimaye likang'oka, mizizi yake mirefu, imara, safi kama ya kwenye picha ya ukutani. Akaligeuzageuza kwenye taa akitafuta uozo. Hakuuona, lakini hilo halikumsumbua. Hata riwaya ilimchukua kurasa mia tatu kuanza kuielewa.

"Msomaji mvivu angeliacha hili," alimwambia mgonjwa, akiliweka kwenye trei kando ya kitabu. "Jioni utanishukuru."

Mwanamke akamkodolea macho, damu ikimchuruzika kidevuni.

Mlango ukafunguka taratibu. Bibi kizee, shavu la kushoto limevimba kama ameficha limau, akasimama akiegemea fremu.

"Mwanangu," alisema kwa shida, "mbona umekaa kwenye kiti changu? Si nilikutuma tu umwambie daktari habari ya presha yangu?"