Pimbi Aliyelipa Ili Aulize

Mtoto wa Pimbi alitemewa mate na nyoka swila, macho yakavimba. Bwawani kila mnyama aliongea bila malipo, ila kwa kelele na kejeli. Pangoni kwa Nyegere waliingia wale tu waliotoa asali, na humo mlikuwa kimya.

"Wanalipia nini, kama si ujuzi?" Pimbi alijiuliza. Akatoa sega lake la pekee, akaingia, akaomba dawa.

Komba, mmoja wa waliokuwamo, akasema kwa upole, "Pole sana, mama. Sisi hatujawahi kumwona swila. Tuliingia humu ili kumkwepa."

Pimbi akakimbilia bwawani. Chura akamcheka, "Leo umetukumbuka!" Lakini Kanga, mwenye jicho moja, akapaza sauti, "Mwoshe macho kwa maji mengi, usiyasugue! Mimi nilichelewa."

Mtoto akapona. Kesho yake Komba akaja bwawani.

"Kanga alitaka malipo gani?"

"Hakutaka chochote," Pimbi akajibu. "Ila wewe ndiye pekee uliyenipa pole."

Komba akafikiri kidogo, kisha akaketi katikati ya vyura, akaziba sikio moja kwa ajili ya kejeli, akaliacha la pili wazi.